Bushi Mpya za Mbele

Gari letu lilianza kugonga mbele mwaka ule ule mke wangu alipoanza kuumwa mifupa, na mimi, ambaye sina subira na kitu chochote chenye magurudumu, niliyachukia yote mawili kwa pamoja. Lilikuwa gari dogo la milango minne, lililokwisha kuliwa na chumvi ya pwani kabla halijafika mikononi mwetu. Ukiingia shimo, upande wa kushoto unagonga. Ukiingia jingine, wa kulia unaitikia. Mwanzo tulikuwa tukicheka. Mke wangu akisema hili gari lina adabu, linabisha hodi kila mlango tunaopita.

Maradhi yake yalianza kwenye titi. Yakatibiwa, tukashukuru, tukapika biriani tukaita watu. Kisha yakarudi, safari hii kwenye uti wa mgongo na nyonga. Daktari aliniita pembeni akaniambia nisimtikise, mifupa imekuwa dhaifu. Aliniambia mimi, hakumwambia yeye, maana ndivyo tufanyavyo sisi: mgonjwa huambiwa atapona, na jamaa huambiwa wajiandae. Siku hiyo tukirudi nyumbani nilimtazama kwenye kioo kila tulipoingia shimo. Alikuwa amefumba macho, ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa akinivumilia mimi na gari langu, na hilo liliniuma kuliko kama angepiga kelele.

Jioni yake, nikimpangia mito, akaniambia, "Nataka unipeleke kwa mama."

Mama yake anakaa Makunduchi. Miaka michache nyuma aliteleza uani akavunjika nyonga, na tangu hapo hajasimama tena. Kitanda chake kimewekwa ukumbini, karibu na mlango, aone wanaopita na aseme nao. Macho anayo, akili anayo, na ulimi wake haujapungua hata kidogo. Anaangaliwa na mjukuu wake, msichana mpole ambaye ni mpwa wa mke wangu.

"Ukipata nafuu tutakwenda," nikamjibu.

"Usinfanye mie mjinga, bwana," akasema, bila ya ukali. "Nataka radhi ya mama. Na siitaki kwenye simu."

Hawakuwa wamegombana. Mke wangu alimkosea mama yake kiasi kile kile ambacho mtoto yeyote humkosea mzazi wake, basi. Lakini kwetu mtoto anayehisi kwamba safari yake imekaribia humwendea mzazi wake, akainamisha kichwa, mzazi akaweka mkono juu yake na kusema, nimekuwia radhi. Neno lenyewe ni dogo. Ukilikosa, wanaobaki hulihesabu deni, na anayeondoka huondoka na dukuduku. Kwenye simu angelazimika kueleza kwa nini analitaka, na mama hakuwa akijua lolote. Tulikuwa tumemwambia kwamba binti yake anasumbuliwa na kiuno. Sikumbuki nani alianza kulisema hilo. Hatukukaa kikao. Kaka zake walisema, shangazi akasema, nami nikasema: bibi mtu mzima, amelala kitandani, akiambiwa ukweli moyo wake utasimama. Ilikwisha hapo.

Magari ya kumpeleka hayakukosekana. Kaka yake alitaka kuleta gari kubwa lenye viti vya ngozi. Mke wangu akakataa katakata. Siku hizo haja ndogo ilikuwa ikimtoka bila ya yeye kujua, na alikuwa mwanamke ambaye hata kanga yake ya kulalia aliipiga pasi. "Niaibike kwenye kiti cha watu?" akaniuliza. "Gari yetu inanisitiri. Itengeneze hiyo."

Kulipeleka gereji sikutaka. Nawajua mafundi wetu. Gari likishafunguliwa, kila siku utaambiwa kesho inshallah, na mimi sikuwa na kesho za kuwagawia. Gari hili nimelifungua na kulifunga mwenyewe kwa miaka, tangu nilipokuwa karani bandarini hadi nilipostaafu, kwa hasira tu ya kudanganywa. Nikaamua nitalitengeneza hapo hapo nyumbani, na nikamwita jirani yangu.

Jirani yangu ana duka la misumari, rangi na bawaba kwenye kona ya mtaa wetu, alilolirithi kwa baba yake aliyelirithi kwa babu yake. Ni Muhindi wa hapa hapa Mji Mkongwe, Shia wa Ithnaashari, na tumekua pamoja tukigombea mpira ule ule wa matambara. Mpaka leo tunabishana juu ya kila kitu: chai iwe na tangawizi au iliki, mwezi umeandama au haujaandama. Dukani anakaa kwa sababu hana budi. Moyo wake uko kwenye spana. Nilipomwambia ninataka kubadilisha shokapu na bushi za mbele, na kwa nini, alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hata kwa ajili ya mkewe mwenyewe hajapata kulifanya.

Nyuma ya nyumba yetu pana kiwanja kidogo, ndipo gari lilipolala siku zote, maana vichochoro vya mbele hata punda hupita kwa adabu. Dirisha la chumba cha mke wangu linatazama kiwanja hicho. Alitaka kitanda kisogezwe karibu nalo, nasi tukakisogeza. Tukaliinua gari kwa jeki, tukaliegemeza juu ya magogo ya mvinje, tukatoa matairi mawili ya mbele.

Hali ya chini ilitia huruma. Shokapu zote mbili zilikuwa zimevujisha mafuta yake, ukizibonyeza zinashuka bila ya kurudi. Bushi ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Hizi ni pete za mpira zinazokaa pale mkono wa chini wa gurudumu unapoungana na bodi ya gari, kazi yake kumeza mtikisiko usimfikie aliyekaa ndani. Zetu zilikuwa zimepasuka hata kidole changu kikaingia upande huu kikatokea upande wa pili. Nilimwonyesha jirani. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi huyu dada alikuwa amekaa juu ya chuma kitupu." Nilitamani asingesema.

Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Tulizimwagia mafuta, tukangoja, tukapiga nyundo, tukangoja tena. Nyundo ilipomteleza jirani ikamfika kidole, akatukana kwa Kikachi, lugha ya kwao.

"Nimelifahamu hilo!" mke wangu akasema kutoka dirishani.

"Samahani, dada! Nilikuwa nasema na gari."

Tukamsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichokatika njiani kwa maumivu, lakini kilikuwa chake. Jirani akainama chini ya gari na kukaa huko kwa muda bila ya kugusa kitu.

Bushi mpya tulizisukuma mahali pake kwa jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma, na kipande cha bomba, kidogo kidogo, tukizipaka sabuni ya maji ziteleze. Shokapu zikaingia. Mikono ya chini ikarudi. Ikabaki kazi moja ambayo mimi naijua na siifanyii haraka. Bushi ya mpira hushika pale pale ulipoikaza. Ukiikaza gari likiwa limening'inia juu, mpira huhesabu kwamba hapo ndipo nyumbani kwake. Ukilishusha, unakuwa umesokotwa muda wote, mgumu, haumezi kitu. Kwa hivyo bolti zake huachwa zimeshikwa na vidole tu, gari linateremshwa likalie uzito wake, ndipo zinakazwa. Nikaziacha zimelegea. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa.

"Nenda kasali," jirani akaniambia. "Mie nshasali." Wao huijumuisha alasiri na adhuhuri, na hilo nalo tumelibishania tangu utotoni.

Nikanawa nikenda. Msikitini nilichelewa kidogo. Watu waliniuliza hali ya mgonjwa, mmoja akasimama tuombe dua, tukaomba, na nilipoinua mikono yangu ikiwa bado na grisi kwenye kucha, nilimwomba Mungu kitu kimoja tu: afike kwa mama yake.

Niliporudi, gari lilikuwa limesimama juu ya matairi yake manne. Magogo yamepangwa ukutani, spana zimo sandukuni, na jirani anasugua mikono kwa sabuni ya unga.

"Nshakaza zote," akasema. "Kampeleke mkeo."

Nilimkumbatia. Sikumuuliza neno. Nilidhani alilishusha kwanza ndipo akakaza, kama ambavyo ningefanya mwenyewe, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miezi.

Asubuhi tulimshusha ngazi akiwa kwenye kiti, jirani mbele, mimi nyuma, na ngazi zetu ni nyembamba na zimesimama wima. Alikuwa amevaa buibui lake zuri, amejifukiza udi. Tukamlaza kiti cha nyuma katikati ya mito, na miguuni pake tukaweka kopo la halua ya mama. Jirani akapiga paa la gari kwa kiganja, kama mtu anayeaga meli.

Mjini hatukusikia sauti hata moja. "Leo haibishi hodi," mke wangu akasema, na akatabasamu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuingiwa na wasiwasi. Pua ya gari ilikuwa imekaa juu kupita kiasi, na kila kijiwe kilichopita chini ya tairi nilikihisi kwenye usukani. Nikajiambia ni upya wa shokapu, zitalainika. Tulipopita Tunguu nilimwona kwenye kioo ameuma ncha ya buibui.

"Nipunguze mwendo?"

"Nenda tu."

Jozani barabara ina matuta, yamewekwa magari yaende pole kwa ajili ya kima wa msituni. Tuta la kwanza nilipanda kama ninayebeba mayai. Magurudumu ya mbele yalipoteremka upande wa pili, gari halikumeza kitu. Lilimrushia yeye mtikisiko wote. Nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata katika usiku wake mbaya kabisa. Nikasimamisha gari pembeni. Ng'ambo ya barabara watalii walikuwa wakiwapiga picha kima, mmoja akatupungia mkono.

Nilifungua mlango wa nyuma nikapiga magoti. Jasho lilikuwa likimtiririka, na mto wa chini ulikuwa umelowa. Nikautoa nikauficha kwenye buti. Nikamwambia tupumzike, kisha nitakwenda pole zaidi. Akatazama mbele, kwenye matuta yaliyobaki.

"Turudi, bwana," akasema. "Siwezi."

Simu kwa mama aliipiga mke wangu mwenyewe. Nilikuwa karibu, nikawa ninasikia. Mama alikuwa ameshaogeshwa tangu alfajiri, amevalishwa kanga mpya, anauliza mmefika wapi.

"Gari imeharibika, mama. Tuko njiani, tumekwama. Tutakuja siku nyingine."

"Magari yenu ya mjini," mama akasema. "Mwambie mumeo aitengeneze."

"Nitamwambia."

"Na kiuno?"

"Kiuno hakijambo, mama."

Akakata simu, akaniomba nigeuze gari.

Jioni jirani alikuja kuuliza habari. Mke wangu alikuwa amelala kwa dawa, au ndivyo nilivyodhani, nasi tulikaa kwenye kizingiti cha chumba. Kabla sijafungua mdomo, akaanza mwenyewe kunieleza kazi yake, amechangamka kwa namna ambayo mtu mzima hachangamki ovyo. "Bolti za bushi nilizikaza ikiwa bado juu ya magogo," akasema. "Ikishashuka mkono hauingii, utahangaika bure. Nikasema wacha akirudi msikitini akute imekwisha, apumzike kidogo, maskini."

Nilitaka kumshika shingo. Nilitaka kumtolea yote: Jozani, mto uliolowa, mama aliyevalishwa kanga mpya. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema.

"Jirani," sauti ya mke wangu ikatoka kitandani. "Gari imekuwa laini. Mungu akulipe."

Uso wa yule bwana uling'aa kama wa mtoto. Akamjibu, "Amin, dada," akaniaga, akenda zake. Nikamgeukia mke wangu.

"Usimwambie," akasema. "Alifanya kwa ajili yangu. Usimwambie kabisa, hata nikiondoka."

Ndiyo mara ya kwanza nyumbani kwetu neno hilo kusemwa wazi. Nikakaa kitandani nikalia mbele yake, jambo ambalo nilikuwa nimejikataza.

Kulipokucha nilishuka kiwanjani peke yangu, nikalala chini ya gari likiwa juu ya matairi yake. Jirani alisema kweli, mkono hauingii. Nilichunika vifundo vyote. Bolti ya kwanza ilipolegea mpira ukatoa mlio, na gari likashuka mbele taratibu mpaka likakaa sawa. Nikafanya ya pili, nikazikaza upya. Nikaliendesha hadi Malindi na kurudi, nikipita kusudi kwenye kila shimo ninalolijua. Lilikuwa laini kama kitanda cha pamba. Nilipanda ngazi mbio.

"Nimeliweka sawa! Kesho tunakwenda."

Aliushika mkono wangu, akautazama ulivyochunika. "Umechoka, bwana," akasema. "Pumzika."

Hatukwenda. Mwili wake haukupanda gari tena. Wiki ile ile akafariki, mchana, dirisha liko wazi, nami nikimsomea, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshamzika. Jirani alibeba jeneza pamoja nasi kutoka mlangoni hadi mwisho, hakutaka kupokewa. Matangani nilimsikia akimwambia mtu, "Angalau alikwenda akamwona mama yake kwa raha." Mke wangu hakutaka nimwambie, sikumwambia. Nilikwenda uani nikanawa uso.

Mama yake alipelekewa habari na kaka zake. Waliniambia hakulia mbele yao. Alisema tu kwamba arobaini atakuja mwenyewe mjini, kwenye khitma, alale chumba alicholala mwanawe, na asiwepo wa kumzuia. Wakanitaka nikamchukue mimi.

Nilipofika Makunduchi nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kunishika uso kwa viganja vyote viwili. Mjukuu wake alimshika miguu, mimi nikamshika mabega, tukamtia garini. Alikuwa mwepesi ajabu. Hatukumaliza hata dakika kumweka. Akataka kukaa nyuma, pale alipokaa mwanawe siku ile.

Tukashika njia ya mjini. Jozani nikapunguza mwendo, nikapanda tuta la kwanza, nikashuka, na gari likameza kila kitu. La pili vile vile. Nilikuwa nimebana meno kwa uchungu wa ulaini ule.

"Gari hii laini," mama akasema.

"Naam, mama."

"Ndiyo ile iliyoharibika?"

Sikuweza kusema uongo tena. Sijui ni kuchoka au ni mahali penyewe. Nikamwambia yote: kwamba haikuharibika, kwamba binti yake hakuweza kuyavumilia maumivu, kwamba tuligeuzia hapo hapo. Nikamwambia alikuwa akija kutaka radhi yake.

"Radhi yangu alikuwa nayo tangu tumboni mwangu. Ningemwambia kwa mdomo huu, nikiwa nimemshika." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mbona hamkunambia kama anakufa?"

"Tulikuhofia, mama. Tulisema umelala, hutaweza."

"Mie nimevunjika nyonga. Sikufa." Nilimwona kwenye kioo akigusa kiti alichokalia, mkono wake ukipita juu ya kitambaa taratibu. "Leo mmenibeba, sikubebeka? Nimekaa, nakwenda, siumwi pahala. Mlihangaika mkatengeneza gari ili aje yeye, na mifupa ile. Mbona hukuja kunchukua mie?"

Tulipoingia Mwanakwerekwe alikuwa bado ananitazama kwenye kioo, anangoja.